Sauti Iliyokuja Baada ya Wimbo

Kitendawili.

Semeni "tega", na msiseme kimoyomoyo. Haya: nilikitoa nje, nikafunga mlango, nilipogeuka nikakikuta kimekaa ndani kinaningoja.

Najua mtasema paka. Si paka. Mtasema vumbi, na kwa vumbi mmekaribia kidogo, lakini hiki changu kinasema. Msinipe mji bado. Kiwekeni mfukoni, tutakitoa tukifika mbele.

Mimi ni dobi. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndiko kazini kwangu: meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, pasi ya umeme, bakuli la maji ya kunyunyizia, na waya mmoja kutoka ukuta hadi ukuta wa kutundikia mashati. Mjukuu wangu akirudi shuleni hufanya mambo matatu, kila siku yaleyale. Huvua viatu mlangoni. Hunywa maji akiwa amesimama, ingawa nimemkataza mara mia. Kisha huchukua simu yangu, akaiegemeza kwenye bakuli la maji, na wimbo ukaanza.

Shuleni wanamwita Kengele, kwa sababu sauti yake ni nyembamba na inafika mbali. Ana miaka kumi na mitatu. Yumo kwenye kwaya ya shule, na siku hizi kwaya haifundishwi kama tulivyofundishwa sisi, kwa kusimama juani mpaka wimbo uingie kichwani wenyewe. Mwalimu wao wa muziki huimba wimbo, akaurekodi, akautuma kwenye kundi la simu, na kila mtoto akausikiliza nyumbani kwa simu ya mkubwa wake. Kundi lao linaitwa Sauti Moja. Lilikuwa na watu ishirini na tisa, na simu yangu hii yenye ufa kwenye kioo ndiyo iliyokuwa njia ya Kengele ya kuingilia humo.

Mwalimu ana madarasa mengi, hawezi kukaa anachungulia simu. Kwa hiyo alichagua wanafunzi wawili wawe wasimamizi wa kundi. Msimamizi ana uwezo wa kumwingiza mtu na kumtoa, na akitaka anaweza kulifunga kundi zima, asiandike wala kusema mtu yeyote ila wasimamizi na mwalimu. Mmoja alikuwa Kengele. Wa pili alikuwa mvulana wa darasa lake aitwaye Rula, mrefu, amenyooka, ambaye hata karatasi ya kufungia sabuni angeichorea pambizo. Mwalimu aliwapa kanuni fupi wakaibandika juu ya kundi: humu ni nyimbo tu, na anayemdhihaki mwenzake anatolewa.

Lakini hao wawili walikuwa na kundi jingine la pembeni, la watu wawili tu, wakaliita Ofisi. Humo walipanga mambo ya kundi kubwa. Humo pia walicheka. Na humo waliwekeana desturi ambayo hakuna aliyewaagiza waiweke: mwanachama akikosea, anashughulikiwa mbele ya wote, msimamizi akikosea, anaambiwa Ofisini, yanaishia hapo. Nilipomuuliza Kengele baadaye kwa nini, alinijibu kwamba ni ili watu wasiwavunjie heshima. Alilisema kwa uzito kama waziri.

Sasa yaliyotokea ni haya.

Kwenye kwaya kuna msichana mdogo wa darasa la nne, wanamwita Kadogo. Kadogo ana kigugumizi. Akitaka kuomba maji, neno "maji" linamchukua nusu dakika. Lakini akiimba, kigugumizi kinatoweka kabisa, maneno yanatoka laini kama kitambaa kilichopita chini ya pasi. Ndiyo maana aliipenda kwaya kuliko kitu chochote. Jumanne moja Kengele alirekodi sauti yake akimwigiza Kadogo anavyoomba maji, na nisiwafiche, anajua kuigiza. Alikusudia kuipeleka Ofisini ili Rula acheke. Kidole kikateleza, ikaenda Sauti Moja.

Aliifuta baada ya dakika tano. Kwa simu, dakika tano ni nyingi sana. Wengi walikwisha kusikia. Palipokuwa na sauti pakabaki mstari mmoja wa kijivu: Ujumbe huu umefutwa. Rula akamwandikia Ofisini, "Angalia vidole vyako, dada," akaweka na vikaragosi vitatu vinavyocheka. Hilo ndilo lilikuwa onyo. Tangu siku hiyo Kadogo alikuja mazoezini, akaimba, akaondoka bila kumwomba mtu maji wala kumsalimu mtu.

Alhamisi yake, Rula alituma sauti yake ya mazoezi. Anabalehe, sauti imeanza kumkimbia, na katikati ya ubeti ikapanda ghafla ikalia kwiii. Hapo akaingia msichana mwingine wa darasa lao, wanayemwita Besi. Sauti yake ni nzito, ya chini, na wimbo wa mashindano ulikuwa unaanzia kwake peke yake, mapigo manne, kabla wengine hawajaingia. Baba yake ni fundi viatu, mwenye kibanda chenye mlango wa bati. Besi akarekodi mlango ule ukilia bawaba, akautuma kwenye kundi, akaandika: "Rula, ndugu yako anakusalimu."

Watu wakacheka kundi zima. Hata mimi niliposimuliwa baadaye nilicheka, nikajificha nyuma ya shuka. Lakini Rula aliumia, na kanuni ni kanuni. Akaandika mbele ya wote kwamba Besi amemdhihaki mwenzake na atatolewa. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyedhihakiwa, akamwomba Kengele abonyeze.

Kabla hajabonyeza, Besi alituma ujumbe wa sauti. Nimeusikia mara nyingi kiasi kwamba naweza kuusema nikiwa usingizini. Alisema taratibu, kwa ile sauti yake ya chini: "Nimekosea. Rula, nisamehe. Lakini Kengele alimwigiza Kadogo, akafuta, na yeye yumo tu. Naomba kuuliza. Msimamizi akikosea, nani anamtoa?"

Kengele akabonyeza. Ukatokea mstari: Umemwondoa. Mtoto mmoja akaandika alama ya kuuliza, mwingine akaandika "lakini ni kweli". Rula akalifunga kundi. 

Walidhani wamemaliza. Sasa nisikilizeni vizuri.

Ile simu yangu ina tabia moja. Ukisikiliza ujumbe wa sauti ukaisha, haisubiri kuambiwa; inaendelea yenyewe na ujumbe wa sauti unaofuata. Mwalimu alikuwa ametuma wimbo Alhamisi ileile mchana. Katikati iliingia sauti ya Rula, na ile ya mlango, lakini hizo wenyewe walizifuta, Rula yake kwa aibu na Kengele ile ya mlango kwa haki yake ya usimamizi. Ya Besi hawakuigusa siku ile. Waliogopa kwamba mistari ya "umefutwa" ikizidi, watu watauliza kulikuwa na nini. Walipokuja kutaka kuifuta, muda wa kufuta kwenye simu za wote ulikuwa umepita. Kwa hiyo baada ya wimbo wa mwalimu, kilichofuata kilikuwa Besi.

Ijumaa mchana nilikuwa napiga pasi kola za mashati. Kengele alikuwa anakunja soksi huku akiimba na simu. Wimbo ukaisha. Mara chumba kikasema: "Nimekosea. Rula, nisamehe." Kengele aliruka akaizima kama anayezima moto.

Nikamuuliza, "Ni nani huyo?"

"Hakuna mtu, bibi."

Jumamosi ikawa hivyo tena. Jumapili pia. Alijaribu kukaa tayari na kidole, akikaribia mwisho wa wimbo anakiweka juu ya kioo, lakini huwezi kuimba vizuri huku unaogopa mwisho wa wimbo. Mara nyingine alichelewa kidogo, tukasikia neno moja tu, "Nimekosea," kisha kimya, na hicho kimya kilikuwa kibaya kuliko maneno. Alijaribu kuifuta kwenye simu yangu peke yake. Simu ikamuuliza: futa kwako? Akafikiri kwamba ikifutwa kwake itabaki kwenye simu nyingine zote, na yeye ndiye atakayekuwa mtu pekee asiyesikia kile ambacho wote wanakisikia. Akairudisha simu kwenye bakuli.

Kumbe si simu yangu tu yenye tabia ile. Jumatatu mchana tulikuwa tumefungua dirisha joto litoke, na nyumba ya jirani kuna mtoto wa kwaya. Ukuta ulituletea wimbo wa mwalimu mpaka mwisho, kisha ukatuletea ile sauti nzito: "Msimamizi akikosea, nani anamtoa?" Kengele alifunga dirisha. Dakika chache baadaye tukaisikia kwa mbali, nyumba ya pili, kupitia dirisha lililofungwa. Alikuwa amesimama na mkono kwenye komeo. Nikaona vinyweleo vya mkono wake vimesimama.

Nikamuuliza tena ni nani. Akasema ni matangazo.

Jumatano soli ya kiatu chake cha shule ikaachia, nikamwambia twende kwa fundi. Akasema kiatu bado kinafaa. Soli ilikuwa inapiga makofi kila hatua. Nikamvuta mkono tukaenda.

Kibanda cha fundi ni kidogo, kinanuka gundi na ngozi mpya. Fundi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, kiatu cha mtu kimevikwa kwenye mguu wa chuma, misumari midogo midomoni. Nyuma yake, kwenye benchi, Besi alikuwa anachambua misumari, iliyonyooka huku, iliyopinda kule. Alinisalimu vizuri, "Shikamoo, bibi." Besi hakumsalimu Kengele, na Kengele naye akainama kutazama soli yake. Nilizoea kumsikia Besi akivuma wimbo nikiwa bado njiani. Siku hiyo kulikuwa na nyundo tu.

Fundi alitema misumari kwenye kiganja, akasema amefurahi kumwona Kengele kwa sababu ana shida. Akatoa simu yake kwenye droo ya gundi.

"Binti, nisaidie. Nimeambiwa wewe ndiye mkubwa wa hilo kundi la nyimbo. Simu yangu imeharibika nini? Wiki nzima nyimbo haziji. Nimeipeleka kwa fundi simu anasema ni nzima. Huyu wangu namuuliza, ananiambia ni mtandao."

Kengele aliipokea ile simu. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, sikuona kilichoandikwa, ila niliona masikio yake yanavyobadilika rangi. Baadaye aliniambia kwamba chini kabisa, mahali pa kuandikia, palikuwa na maneno: Umeondolewa kwenye kundi. Besi aliacha kuchambua misumari, akamtazama. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama tu, kama mtu anayesubiri zamu yake ifike.

"Labda ni mtandao," Kengele akasema, akamrudishia fundi simu yake.

Fundi akashukuru, na akakataa kabisa kutuacha tusubiri kesho. Alishona soli palepale.

Kesho yake kulikuwa na mazoezi. Mwalimu akainua mkono, akahesabu, wimbo uanze. Besi hakuja, na pale penye mapigo yake manne hapakuwa na sauti. Mwalimu alijaribu kumweka msichana mwingine, akatoa sauti kama anayezungumza ndani ya mtungi, watoto wakacheka, mwalimu hakucheka. Akauliza ni koo gani linalomuuma mtu wiki nzima, maana ndivyo Besi alivyomwambia. Rula akasema labda ni mafua. Mwalimu akasema basi tuache pengo, tuhesabu kimya, siku moja atarudi. Wakaimba hivyo mara sita. Mara sita mwalimu aliinua mkono, na watoto ishirini na saba wakasimama kimya kwa mapigo manne, na mara zote sita Kengele alilisikia lile swali likikaa ndani ya ule ukimya, limeutosha kabisa, kana kwamba ukimya ulishonwa kwa kipimo chake. Alipoingia kuimba, sauti haikutoka. Kando yake Kadogo alikuwa akimtazama.

Ijumaa hakugusa simu. Alikaa chini ya waya wa mashati, mikono ya mashati ikimgusa kichwa, akaniambia yote, kuanzia kidole kilichoteleza. Alipofika kwenye kibanda cha fundi alilia.

"Bibi, mimi sikumtukana Besi. Nilifuata kanuni tu."

"Ndiyo. Na siku yako kanuni ilikwenda wapi?"

 Nikazima pasi, nikaketi naye, nikamwambia jambo ambalo hata mama yake halijui, nanyi nawaambia.

Zamani nilifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Nilikuwa msimamizi wa zamu, chini yangu wanawake saba. Siku moja nililichoma koti la daktari kwa pasi, mgongoni, doa la kahawia lenye umbo la pasi. Nikalikunja doa likiwa ndani, nikaliweka katikati ya rundo. Mwezi uleule mwanamke mmoja wa zamu yangu alichoma shuka. Nilimwandikia barua siku hiyohiyo, akaachishwa kazi, kwa sababu kanuni ilisema hivyo na mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Hakunibishia. Alivua aproni yake, akaikunja mara nne, akanipa mkononi. Kisha akanitazama. Alikuwa ameliona lile koti. Hakuuliza kitu kwa mdomo, ila macho yake yaliuliza, na mimi nikageuka nikahesabu mashuka.

"Ulikuja kumwambia?" Kengele akauliza.

Nilimweleza kwamba nilimtafuta baada ya miaka miwili, nikaambiwa kahama, hakuna ajuaye wapi. Sasa nimezeeka, na kila nikikunja aproni mara nne mikono yangu inasita. Nikamwambia, "Wangu simjui aliko, mama. Wako yuko kibandani anachambua misumari."

Jumamosi asubuhi hata maji hakunywa. Kwanza alimwandikia Rula kwamba anakwenda kwa Besi. Rula akajibu Ofisini: mrudishe kimyakimya, yaishe, hakuna haja ya kelele. Kengele alinisomea jibu lake kabla ya kulituma. Lilisema: "Tulimtoa kwa kelele."

Nilimsindikiza, lakini nilisimama nje. Alimwamkia fundi, akaweka mikono nyuma, akasema kwa sauti ambayo hata mimi nje niliisikia kwamba simu haikuharibika, mtandao ni mzima, yeye ndiye aliyemtoa Besi, na Jumatano alimdanganya mtu mzima machoni. Fundi alimalizia msumari aliokuwa ameuanza. Kisha akasema kwamba yeye ni wa viatu, mambo ya kundi hayajui, mwenye jambo yuko nyuma.

Kengele akamwomba Besi msamaha, akamwambia atamrudisha sasa hivi.

Besi akatikisa kichwa. "Sitaki kurudi hivyo. Mimi niliuliza mbele ya watu wote. Hujanijibu."

Mchana ule mwalimu wa muziki alikuja kuchukua mashati yake, maana mashati yake nayapiga mimi, matano kila wiki, na moja lina wino mfukoni siku zote. Kabla sijamfungia, Kengele akamweleza. Hakupunguza. Kadogo alimtaja, Ofisi aliitaja, hata vile vikaragosi vitatu. Mwalimu aliomba kuisikia hiyo sauti. Simu ikaimba wimbo wake mwenyewe mpaka mwisho, naye akausikiliza amekunja uso, kisha Besi akaja na swali lake. Mwalimu akalitupa shati begani.

"Kosa la kwanza ni langu," akasema. "Niliwapa funguo, nikaenda zangu, sikuchungulia tena. Lakini sikieni, na Rula nitamwambia. Kanuni ikimshika mmoja na kumwacha mwingine, hiyo si kanuni tena. Ni fimbo ya yule aliyeishika. Na mwenye funguo ndiye wa kuangaliwa zaidi, kwa sababu akikosea ana uwezo wa kujificha, mwenziwe hana."

Kisha akapanga mambo, bila ukali. Ofisi ifutwe. Onyo la msimamizi litolewe palepale anapoonywa mwanachama, wote wakiona. Wasimamizi wabadilishwe kila mwezi, kila mtu aonje. Na Besi arudishwe leo. Kuhusu lile swali hakusema kitu. Alimtazama Kengele tu, akachukua mashati yake akaenda.

Sasa naona mmoja wenu amechoka kubeba kitendawili mfukoni. Kitoeni. Nilikitoa nje nikafunga mlango, nikakikuta ndani kinaningoja: ni swali usilotaka kulijibu. Unaweza kumtoa mwenye kuuliza. Lenyewe halitoki.

Mashindano yalikuwa wiki tatu baadaye. Besi alianza peke yake, mapigo manne, na ukumbi mzima ukaacha kupepea karatasi. Walishika nafasi ya pili, na Rula anasema ni kwa sababu ya kwiii yake, maana haikumwacha hata siku ile. Siku hizi anaisema mwenyewe kabla hujamcheka. Kadogo alitumwa na wenzake kupokea cheti, akasema "asante" kwa muda aliouhitaji, na hakuna aliyemmalizia neno. Kengele naye aliimba, ingawa siku tisa za mwanzo hakuwa na kundi la kusikilizia nyimbo. Kila mchana alikuwa anakwenda kibandani, anakaa kwenye benchi la misumari, na Besi anamwekea wimbo kwa simu ya baba yake. Nasikia Besi ni mwalimu mkali.

Lakini nimeruka kitu, mtanisamehe, uzee. Nimewaambia hakuwa na kundi siku tisa, sikuwaambia kwa nini.

Ni ile Jumamosi. Mwalimu alipoondoka, Besi alirudishwa na kundi likafunguliwa. Watu ishirini na tisa, na hakuna aliyeandika neno. Kengele alichukua simu akaenda nayo kwenye pembe ya chumba, akanipa mgongo, akazungumza nayo kwa sauti ya chini, mimi nikijifanya nashughulika na mashuka. Kisha akaiegemeza kwenye bakuli la maji, mahali pake pa siku zote.

"Washa wimbo, bibi," akasema. "Usiuzime."

Nikauwasha. Mwalimu akaimba mpaka mwisho. Hatukusogea. Ikaja ile sauti nzito, nikaona Kengele amejishika viwiko, lakini hakunyoosha mkono: nimekosea, Rula nisamehe, naomba kuuliza. Msimamizi akikosea, nani anamtoa?

Na simu yangu, kwa tabia yake ileile, ikaendelea yenyewe na iliyofuata.

"Besi, umeuliza siku tisa. Mimi nilimwigiza Kadogo kabla wewe hujamwigiza Rula, na nikafuta. Kadogo, nisamehe, sauti yako si ya kuchezewa. Besi, msimamizi akikosea anatolewa na kanuni ileile iliyokutoa wewe. Na kama watu wanamwogopa, anajitoa mwenyewe. Siku tisa, kama zako. Natoka."